Implanti ya jino: kabla hujauliza bei, ulizia mfupa

Mama yangu kaishi miaka sita anatafunia upande wa kulia tu. Gego lake la chini kushoto, lile kubwa la kwanza, liling'olewa kwenye kliniki moja baada ya kumsumbua usiku wiki nzima, akapewa pamba ang'ate, akaambiwa asisukutue siku hiyo, akaenda zake nyumbani, basi. Hakuna aliyemwambia kitu kingine, na yeye hakuuliza, manake jino lilikuwa linauma na sasa haliumi, mtu unataka nini tena. Mwaka jana ndo akaanza kulalamika kwamba upande wa kulia nao umechoka, nyama ya mbuzi hawezi, mahindi ya kuchoma ndo kabisa, nikamwambia mama twende tukaweke implanti. Kichwani mwangu ilikuwa kazi ya siku moja, unaenda, wanakufungia jino jipya, unarudi. Ikawa miezi kumi.

Ndani ya hiyo miezi kumi nimejifunza mambo ambayo natamani ningeyajua siku ile gego linang'olewa. Nayaandika hapa kwa sababu kila nikipita mitandaoni naona watu wanauliza swali moja tu, "implanti bei gani?", na swali hilo halina jibu la kweli mpaka kwanza ujue taya lako limebakiwa na mfupa kiasi gani pale penye pengo.

Tuanze na kitu chenyewe. Implanti ni mzizi wa bandia. Ni skrubu ya madini yanayoitwa titani, urefu wake mara nyingi milimita 8 mpaka 13, unene milimita 3 na kitu mpaka 5 hivi, ukiishika kiganjani unashangaa kwamba kitu kidogo namna hii ndo kimesemwa sana. Hiyo skrubu inazamishwa ndani ya mfupa wa taya pale mzizi wa jino ulipokuwa. Juu yake kinafungwa kipande cha kati, kiunganishi, madaktari wanakiita abatimenti. Na juu ya kiunganishi ndo inakaa kofia, yaani lile jino lenyewe unaloliona mtu akicheka, la kauri au zirkonia, limetengenezwa maabara lifanane rangi na majirani zake. Kwa hiyo ni vitu vitatu: skrubu, kiunganishi, kofia. Vishike hivyo vitatu manake tukifika kwenye hela tutavirudia.

Sasa mimi kilichonisumbua ni hiki. Mwili wa binadamu haukubali hata mwiba, ukichomwa na kibanzi cha mti ukakiacha, pale pataumuka, patatunga usaha mpaka kitoke. Inakuwaje basi skrubu ya madini ikae kwenye mfupa miaka na miaka, mdomoni, mahali penye mate na wadudu kila saa, na mwili unyamaze?

Jibu lilipatikana kwa bahati. Mwaka 1952 huko Lund, Uswidi, mtafiti anaitwa Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza namna damu inavyotembea ndani ya mfupa, akaweka vifaa vidogo vya titani kwenye miguu ya sungura, vyenye kidirisha cha kuchungulia. Utafiti ulipoisha akataka kuvitoa vifaa vyake, vikagoma. Mfupa ulikuwa umeota ukashikana na titani kabisa. Ukweli ni kwamba titani ikigusana na hewa tu inajivika utando mwembamba mno wa oksaidi, na utando huo mwili hauuoni kama adui, seli za mfupa zinakuja zinautambaa na kujenga juu yake kama zinavyojenga juu ya mfupa mwenzao. Hakuna gundi hapo, hakuna saruji. Ni mfupa wenyewe umekubali.

Mtu wa kwanza kuwekewa meno kwa njia hiyo alikuwa Gösta Larsson, mwaka 1965 mjini Gothenburg, mtu aliyekuwa na kasoro ya taya na hana meno ya chini. Alifariki 2006 na implanti zake bado zinafanya kazi, miaka 41. Pamoja na hayo Brånemark alipingwa sana na wenzake, na mpaka mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 ndo madaktari wa Marekani na Kanada wakaanza kumkubali kwa wingi. Lakini hamu yenyewe ni ya zamani sana, kuna taya la kale lilichimbuliwa Honduras mwaka 1931, la mtu wa jamii ya Wamaya wa karibu mwaka 600, limewekewa vipande vitatu vya kombe la baharini mahali pa meno ya mbele ya chini, na eksirei zilizopigwa miaka mingi baadaye zilionyesha mfupa umeota kuzunguka vile vipande. Yaani aliwekewa akiwa hai, na vikashika.

Turudi kwa mama. Siku ya kwanza nilitegemea daktari atasema tarehe ya kuweka, badala yake akampeleka kupiga eksirei ya 3D, ile unasimama mashine inakuzunguka kichwa. Akatuonyesha kwenye kompyuta. Ukingo wa taya ya mama upande wa kulia, kwenye magego, ni mnene, unajaza. Upande wa kushoto penye pengo umesinyaa, juu umekuwa kama mgongo wa kisu. Daktari akapima, milimita 4. Akasema, mama, skrubu ninayotaka kukuwekea yenyewe ina unene wa milimita 4, na lazima ibaki na ukuta wa mfupa kila upande, hapa nikiizamisha itatokeza pembeni. Mama akamwangalia, akamuuliza, "Sasa mwanangu, mfupa wangu umeenda wapi?"

Ni swali zuri sana hilo, na jibu lake ndo moyo wa makala hii. Mfupa unaoshika meno upo pale kwa ajili ya meno. Kila ukitafuna, jino linausukuma kidogo mfupa, na mfupa unaosukumwa unajitunza. Jino likitoka, ile kazi imekwisha, mwili unaanza kuuvunja na kuuondoa. Na hauchelewi. Ndani ya mwaka mmoja tangu kung'oa gego upana wa ukingo wa taya unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo inatokea miezi mitatu ya mwanzo, wakati wewe ndo kwanza unafurahi kidonda kimefunga. Mbaya zaidi unapungua upande wa nje, upande wa shavu, kwa sababu ukuta wa huko ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Huku majirani nao hawakai kimya, jino la nyuma linaanza kulala kuelekea kwenye pengo, na gego la juu lililokuwa linagongana na lile lililotoka linashuka polepole linatafuta mwenzake. La mama lilikuwa limeshuka kiasi unaliona kwa macho.

Ndo maana nasema kwa moyo wote, ndugu yangu, kama kuna jino lako daktari kasema ling'olewe, uliza habari ya mbadala KABLA ya koleo kuingia mdomoni. Kwanza uliza kama haliwezi kuokolewa kwa tiba ya mzizi, manake jino lako mwenyewe hata kama limezibwa na kuvalishwa kofia bado ni bora kuliko skrubu yoyote. Kama haliokoleki, uliza kama linaweza kung'olewa taratibu bila kuvunja ukuta wa mfupa, na kama shimo linaweza kujazwa unga wa mfupa siku hiyohiyo. Haizuii upungufu wote ila inaupunguza sana. Kwa wengine, hasa meno ya mbele kama hakuna usaha mwingi na kuta za mfupa ziko salama, implanti inawekwa saa ileile jino linapotoka. Hizo njia zote mama alikuwa nazo siku ile ya pamba, akaondoka bila kujua zipo. Sina hasira na aliyemng'oa, jino lilitakiwa kutoka. Ila maneno mawili tu yangetuokolea miezi mitano na hela nyingi.

(Na hili nalisema kwa haraka kwa sababu ya bodaboda: mtu mzima au mtoto mkubwa akianguka jino la kudumu likatoka zima na mzizi wake, msilitupe. Lishikeni upande wa juu unaotafunia, msiusugue mzizi, kama limechafuka suuzeni kidogo tu, kama mtu ana akili zake timamu mnalirudisha shimoni palepale, la sivyo liwekeni kwenye maziwa muwahi kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Linaweza kushika.)

Basi mama ikabidi aongezewe mfupa kwanza. Hapa watu wengi wanaogopa wakisikia, wanadhani ni kukatwa nyonga. Kuna unaotoka kwako mwenyewe, mara nyingi huchotwa hapohapo kwenye taya kwa nyuma, kuna wa binadamu mwingine aliyechangia, kuna wa ng'ombe uliosafishwa ikabaki sehemu ya madini tu, na kuna wa kutengenezwa kiwandani. Ule unga ukiwekwa haugeuki mfupa wenyewe kwa wenyewe, kazi yake ni kama jukwaa la mafundi kwenye ujenzi, unashikilia nafasi ili seli zako zipande na kujenga. Juu yake unafunikwa na utando mwembamba wa kolajeni ili nyama ya fizi isiwahi kuingia kabla ya mfupa, manake fizi inakua mbio na mfupa unakua polepole. Na hapa Waislamu wenzangu nawaomba mtege sikio: tando nyingi zilizopo sokoni zinatokana na nguruwe, nyingine zinatokana na ng'ombe. Daktari wetu alitaja mwenyewe bila kuulizwa na nilimshukuru sana, lakini usisubiri kutajiwa, uliza mapema, njia nyingine ipo na kuagiza kunaweza kuchukua siku.

Kwa taya ya juu nyuma kuna jambo jingine, pale juu ya magego kuna uwazi ndani ya mfupa wa taya ya juu, nyuma ya shavu, ule ule unaouma ukiwa na mafua ya sinasi. Magego ya juu yakitoka ule uwazi unashuka chini, mfupa unabaki mwembamba kama dari la gypsum, kwa hiyo wanainua sakafu ya sinasi kidogo na kuweka unga wa mfupa chini yake. Taya ya chini hatari yake ni mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa, unatokea nyuma unakuja mpaka kidevuni, ndo unaokupa hisia ya mdomo wa chini. Skrubu ikiugusa, mdomo unaweza kubaki na ganzi miezi, au moja kwa moja. Madaktari wanaacha angalau milimita 2 kati ya ncha ya implanti na huo mshipa. Sasa fikiria mtu anayekwambia hahitaji eksirei ya 3D, picha ya kawaida inatosha, anakuwekea gego la chini kwa kukadiria. Wapo waliofanya miaka mingi wakiwa na picha za kawaida na mambo yakaenda, lakini taya ikiwa nyembamba kama ya mama mimi nisingekubali.

Tukasubiri miezi mitano. Eksirei ikarudiwa, upana umefika milimita 7, mama mwenyewe aliposikia alipiga kigelegele kidogo kwenye kiti.

Siku ya skrubu niliruhusiwa kukaa pembeni nimevaa barakoa na kofia ya nailoni. Sindano ya ganzi, kama ile ya kung'oa jino. Wakasubiri. Fizi ikachanwa kidogo ikafunguliwa kama bahasha, mfupa ukaonekana, mweupe unaoelekea njano. Halafu ile kekee ndogo ikaanza, na hapa nilichokiona ni maji. Maji ya chumvi yanamiminika muda wote juu ya ile ncha, msaidizi anavuta, yanamiminika tena, na daktari anachimba kidogo anatoa, anachimba anatoa. Nilikuja kumuuliza baadaye akanieleza kwamba mfupa una seli hai, ukiupasha joto mpaka nyuzi 47 kwa dakika moja tu zile seli zinakufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu, kwa hiyo kuchimba kwa papara ni kuiua implanti kabla hujaiweka. Anaanza na ncha nyembamba, anapanua hatua kwa hatua, mpaka tundu linabaki dogo kidogo kuliko skrubu yenyewe, ili ikiingia ibane.

Akaizungusha ile skrubu kwa spana ndogo yenye kipimo, inalia tk, tk, tk, na anasoma namba. Alitaka ifike 35, akaipata. Hiyo ni nguvu ya kukaza, na inatokana na aina ya mfupa. Fundi seremala atanielewa upesi, skrubu kwenye mninga inakaza unaisikia mkononi, kwenye paini inaingia tu laini. Mfupa wa taya ya chini mbele ni mninga, wa taya ya juu nyuma ni paini, na ndo sababu kwa kawaida taya ya chini husubiriwa kama miezi 3 na ya juu inaweza kufika 6. Fizi ikashonwa, nyuzi nne, jumla haikufika saa nzima. Mama alisema kung'olewa kuliuma zaidi, na ni kweli wengi wanasema hivyo, manake hapa hakuna usaha wala uvimbe unaozuia ganzi kufanya kazi. Alivimba shavu siku mbili, akanywa uji na mtori, ya nne akawa anapika.

Na sasa kuna kitu nataka ukisome vizuri kwa sababu hakieleweki kirahisi. Siku implanti inawekwa imekaza sana, lakini inakaza kwa sababu imebanwa, kama msumari ukutani. Wiki zinazofuata mwili unaanza kuuondoa ule mfupa uliobanwa na kuumia, ili ujenge mpya. Kwa hiyo ule mkazo wa mwanzo unapungua wakati mfupa mpya bado haujashika. Wiki ya tatu, ya nne hivi, implanti inakuwa dhaifu kuliko siku iliyowekwa. Na hapo ndo mgonjwa anajisikia mzima kabisa! Nyuzi zimetoka, haumwi, anaona kidude cha chuma, yaani kifuniko cha muda cha skrubu, kinang'aa kwenye fizi kama kifungo cha shati, anajaribu kung'ata kashata. Ikitikisika hata kidogo sana mara kwa mara kwenye kipindi hicho, badala ya mfupa kuota panaota nyama laini, na nyama haishiki skrubu, itakuja kulegea utoe uanze upya. Mama tulimwambia hivyo hivyo, akatii, upande wa kushoto hakuugusa miezi mitatu.

Utasikia pia habari za "meno ya siku moja". Yapo, sio uongo. Kama skrubu imekaza vya kutosha unaweza kuvalishwa jino la muda siku hiyohiyo, na mtu asiye na jino hata moja anaweza kuwekewa implanti nne kwenye taya, mbili za nyuma zikilazwa kwa kuinama ili zikwepe sinasi au mshipa, na juu yake ukafungwa mstari mzima wa meno ya muda. Ila elewa kinachofanyika: zile implanti zimeunganishwa zinashikana kama watu wanne wamebeba jeneza moja, na bado unaambiwa ule vyakula laini miezi. Mfupa hauna siku moja. Biolojia ni ileile, wanachokupa siku moja ni meno ya kuonekana, na kwa mtu wa kazi za mbele ya watu hilo nalo ni jambo kubwa, silidharau.

Kofia yenyewe ilikuwa rahisi. Vipimo, rangi, wiki mbili, ikaja. Muulize daktari kofia itakaa kwa gundi au kwa skrubu. Ya skrubu ina katundu juu kanakozibwa, siku ikilegea inafunguliwa na kukazwa. Ya gundi inapendeza bila tundu, lakini gundi ikivuja ikabaki chini ya fizi bila mtu kuiona, inakaa pale kama mwiba niliousema mwanzo na inaweza kula mfupa taratibu. Sisi tulichagua ya skrubu kwa sababu ni gego, nani ataona katundu.

Siku ya kwanza mama alisema "naling'ata lakini silisikii". Sawa kabisa. Jino la asili halijagandana na mfupa, limening'inizwa kwa nyuzinyuzi nyembamba zenye mishipa ya fahamu, ndo maana ukitafuna wali wenye jiwe unajua kabla hujalivunja. Implanti haina hizo nyuzi, imegandana. Hiyo pia ndo sababu kijana ambaye bado anakua hawekewi, taya inakua meno mengine yanasogea nayo, implanti inabaki palepale ilipo na baada ya miaka jino linaonekana limezama. Wazazi wenye watoto waliochokonolewa "meno ya plastiki" utotoni na sasa meno ya kudumu hayajaota au yameota vibaya, najua mnalisubiria hili, lakini vumilieni na meno ya bandia ya kuvaa mpaka mtoto amalize kurefuka. Na jamani tuache kuwachokonoa watoto, hakuna meno ya plastiki, ile ni mbegu ya jino la kawaida.

Kukosa zile nyuzi kuna gharama nyingine, na hapa ndo implanti nyingi zinapofia. Kwenye jino la asili nyama ya fizi imeshonwa kwenye mzizi, nyuzi zinaingia ndani ya jino kabisa. Kwenye implanti nyuzi zinazunguka tu kama mpira wa nywele, hazijaingia popote. Wadudu wakipata uchafu pale ukingoni wanashuka chini upesi zaidi. Inaanza fizi kutoka damu ukipiga mswaki, hatua hiyo inarudi kawaida ukisafisha. Ukiipuuza, mfupa unaanza kuliwa kuzunguka skrubu, na mara nyingi hauumi, unakuja kujua skrubu inaonekana au inacheza. Titani haiozi, hilo watu wanalijua wanafurahi, lakini mfupa na fizi ni vyako na vinaugua. Kwa hiyo mswaki mara mbili, na ile brashi nyembamba ya kupita kati ya meno, kila usiku, halafu daktari aipige eksirei mara kwa mara aone mfupa uko usawa uleule.

Nani awe makini zaidi? Mvuta sigara, tafiti nyingi zinaonyesha implanti zinashindwa kwake karibu mara mbili ya asiyevuta. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, ila kikiwa kimedhibitiwa anawekewa vizuri tu, watu wasimtishe. Mwenye ugonjwa wa fizi autibu kwanza, maana uleule uliotoa meno utatoa na skrubu. Aliyepigwa mionzi ya saratani tayani. Na anayemeza au kuchomwa dawa za kuimarisha mifupa, zile za kina alendronate na zoledronic acid, lazima amwambie daktari wa meno kabla hata ya kung'olewa jino, kwa sababu mfupa wa taya unaweza kukataa kupona. Mama ana presha, alipimwa kila mara kabla ya sindano, hakuna shida.

Sio kila pengo linahitaji implanti, nalo niliseme. Kama meno mawili ya pembeni tayari yamebomoka na yanahitaji kofia, daraja ni busara, unavalisha yote mawili na la katikati linaning'inia. Kama ni mazima, kuyasaga mawili mazima ili kuziba moja mimi roho inaniuma. Meno ya bandia ya kuvua na kuvaa ni ya bei nafuu na yanamrudishia mtu heshima ya kucheka, wala tusiyabeze. Kwa mzee asiye na meno kabisa, ya juu yananata vizuri kwenye kaakaa, ya chini ndo mateso, ulimi unayasukuma kila saa. Kwake implanti mbili tu chini, zenye vichwa vya kubanana na meno ya kuvaa kama vifungo vya koti, zinabadilisha maisha, na wataalamu waliokutana chuo cha McGill, Kanada, mwaka 2002 walisema hiyo ndo iwe tiba ya kwanza kwa taya ya chini isiyo na meno. Ni nafuu mno kuliko kujaza kinywa kizima, na naona huku kwetu haitajwi vya kutosha.

Hela sasa. Hapa Tanzania jino moja linahesabiwa kwa mamilioni, tofauti ni kubwa kati ya mahali na mahali, na sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni kwamba watu hawataji kitu kimoja. Tangazo linaposema bei ya implanti mara nyingi linasema skrubu peke yake. Uliza kiunganishi kimo? Kofia imo? Eksirei ya 3D, unga wa mfupa, utando, vimo? Skrubu isiposhika ndani ya mwaka nani analipa ya pili? Sisi bei ya kwanza tuliyoambiwa kwa simu na tuliyolipa mwishoni zilikuwa mbalimbali kabisa, na hakuna aliyetudanganya, sisi ndo hatukujua cha kuuliza.

Cha mwisho, kwa wanaokwenda kuwekewa India au Uturuki wakarudi, na hata kwa anayewekewa Dar halafu anahamia Mwanza. Kampuni za implanti ni nyingi mno duniani na spana ya hii haifungui ile, kiunganishi cha hii hakiingii kwenye ile. Kofia ikilegea miaka minane mbele, daktari mpya lazima ajue ni kampuni gani, unene gani, urefu gani. Kila implanti inakuja na stika yenye hizo taarifa na namba ya toleo. Idai. Ya mama imebandikwa kwenye kadi ndogo, ameiweka kwenye bahasha moja na kadi yake ya kliniki ya presha, kwenye sanduku chini ya khanga, na mimi nimeipiga picha nimewatumia wadogo zangu wote. Jumapili iliyopita alikula hindi la kuchoma, kwa kushoto.